Maria Theresa: Malkia wa Dola Mbili

Maria Theresa alizaliwa mjini Vienna tarehe 13 Mei 1717, bintiye Kaizari Karl wa Sita wa ukoo wa Habsburg. Kwa kukosa mrithi wa kiume, Karl alitumia miaka mingi kuwashawishi watawala wa Ulaya wamkubali binti huyo kuwa mrithi wa milki yake. Alipofariki Oktoba 1740, ahadi zao ziliyeyuka. Mwaka haukwisha kabla ya Friedrich wa Pili wa Prussia kulivamia jimbo tajiri la Silesia. Malkia alikuwa na umri wa miaka 23, tena mjamzito. Vita vilidumu hadi 1748. Akaipoteza Silesia, ila akaihifadhi sehemu kubwa ya urithi wake.

Amani iliporejea, aligeukia hazina. Nchi za Kijerumani zilikuwa na utitiri wa watawala waliofua sarafu zao wenyewe, na baadhi yao walipunguza madini ya fedha ndani yake ili wajipatie faida. Mnamo 1753, Austria na Bavaria zilikubaliana kwamba thaler 10 zifuliwe kutokana na marki moja ya Cologne ya fedha safi, yaani takriban gramu 234. Majimbo mengi ya Kijerumani yaliufuata mpango huo baadaye.

Thaler yenye sura ya malkia ilisafiri na wafanyabiashara hadi Arabuni na Ethiopia. Alipofariki tarehe 29 Novemba 1780, wanunuzi wa mbali waliendelea kuitaka sarafu ile ile yenye sura ya mjane aliyejitanda shela. Kwa hiyo iliendelea kufuliwa ikiwa na mwaka wa 1780. Katika karne ya 19 ilitumika pia Zanzibar, ikiitwa riale.

Kwa mwanaisimu wa Kiswahili, maisha haya yana funzo la ziada. Neno thaler lilitokana na Joachimsthal, mji wa machimbo ya fedha huko Bohemia, na ndilo lililotupa dola ya pesa kupitia Kiingereza. Dola yenye maana ya utawala ilitoka katika Kiarabu. Maneno hayo hayana nasaba moja, lakini yote mawili yanamhusu Maria Theresa. Dola ya kwanza aliyorithi, ile ya utawala, ilipingwa na wafalme waliokuwa wameapa kuitambua. Ya pili ilipokewa na watu wasiomjua kabisa, kwa sababu uzito wake haukuwahi kuwadanganya.