Vincent J. McMahon, muzee aliyetengeneza vedeti wa catch

Wale wanaoangaliaka catch ya Marekani kwenye televizyo wanajua jina la McMahon. Lakini wengi wanafikiria mutoto tu, yule mwenye kelele. Baba yake, Vincent James McMahon, alikufa tarehe 24/5/1984. Yeye njo alijenga nyumba. Mutoto alikuta kuta zimekwisha kusimama. Na maisha yake inajibu ulizo moja lenye linarudia kila mara katika ile kazi: patroni akizeeka, anabaki na macho ya kutambua kijana mwenye atajaza salle kesho?

Alizaliwa New York, mtaa wa Harlem, tarehe 6/7/1914. Baba yake, Jess McMahon, alikuwa mutu wa ngumi. Tangu 1925 alikuwaka anapanga mapigano ya ngumi pale Madison Square Garden, salle kubwa kupita zote za ule muji. Kwa hiyo Vincent alikulia katika biashara ya tiketi na ringi. Lakini yeye alijipatia njia yake Washington, kwenye catch. Mwezi wa kwanza 1953, kampuni yake Capitol Wrestling ilianza kazi. Mwaka 1956 akaingiza michezo yake kwenye televizyo, na picha zikafika mpaka New York. Watu wakaangalia bure nyumbani, kisha wakalipa makuta kuona wale wale wapiganaji uso kwa uso pale Garden.

Yeye mwenyewe hakupenda kuonekana. Kwake, patroni alipashwa kubaki nyuma ya pazia. Ringi ilikuwa ya wapiganaji. Kazi yake ilikuwa kuchagua, na kuchagua kwake kulianzia kwa watu wenye kukaa muji. New York ilijaa Waitalia na watu wa Porto Rico, wengi wafanyakazi, wenye walitaka kuona mutu wao anashinda. Antonino Rocca, mwenye alizaliwa Italia na kukomalia Argentina, aliruka miguu peku kama ndege, na Garden ikajaa.

Kisha akakuja Bruno Sammartino. Huyu alizaliwa Pizzoferrato, kijiji cha milima ya Italia, na wakati wa vita, akiwa mutoto, alijificha mulimani na mama yake juu ya kukimbia Wadachi. Mwaka 1950 akafika Pittsburgh, mwembamba na mugonjwa, kisha akajijenga kwa kuinua chuma. Tarehe 17/5/1963, McMahon alimuweka mbele ya Buddy Rogers, bingwa wa wakati ule. Pigano likaisha kwa segonde 48. Sammartino akakamata mukanda mpaka tarehe 18/1/1971, karibu miaka minane. Na wiki tatu tu nyuma ya pale, mukanda ukafika kwa Pedro Morales, mutoto wa Porto Rico. McMahon alijua vizuri salle yake.

Mwaka 1973 alikuwa na miaka 58, na watu wangeweza kusema ameisha. Pale njo akapokea Mufaransa mumoja mwenye mwili wa ajabu, André Roussimoff. Huyu jitu alikuwa amecheza Montréal mpaka watu wakamuzoea, juu hakukuwa tena mutu wa kuaminika mbele yake. McMahon akaona kosa lilikuwa wapi. Hakumuacha akae fasi moja. Akamutuma muji kwa muji, kwa mapatroni wengine, mpaka inchi za mbali, siku chache kila fasi, ili akirudi awe tena kitu kipya. Kwa ile akili rahisi, André akakuwa mumoja wa wapiganaji wenye kujulikana zaidi duniani.

Kwa hiyo macho yalikuwapo. Shida ilianza pale watu walipochagua vedeti wao bila kumungojea. Mwaka 1977 alimupa mukanda Superstar Billy Graham, mwenye misuli mikubwa, nguo za rangi na maneno mingi. Alipashwa kuchukiwa. Kumbe watu wakaanza kumupigia makofi, na Garden ikajaa. Lakini McMahon alikuwa amekwisha kupanga: mukanda utaenda kwa Bob Backlund, kijana mutulivu, bingwa wa mieleka ya chuo kikuu. Neno lilikuwa limetoka, na yeye hakurudi nyuma. Tarehe 20/2/1978 Graham akaanguka. Backlund alifanya kazi vizuri karibu miaka sita, lakini ule moto wa Graham ulizimika.

Mwisho wa 1979 akakuja kijana mwingine wa namna ile, Terry Bollea. McMahon mwenyewe alimupa jina la Hogan, juu alitaka vedeti wa Waayalandi. Akamuweka upande wa wabaya, akamupiganisha na Backlund na André. Kisha Sylvester Stallone akamuita Hogan acheze katika filme ya Rocky III. Muzee akakataa: mupiganaji kazi yake ni ringi, filme si yake. Hogan akachagua filme, akaenda. Huko Minneapolis, watu wakamubeba.

Mwezi wa sita 1982, McMahon na washiriki wake wakauzia mutoto wake kampuni. Muzee aliheshimu mipaka: kila patroni na eneo lake. Mutoto akaivunja yote, na akamurudisha Hogan. Tarehe 23/1/1984, pale pale Garden, Hogan akakamata mukanda. Miezi mine nyuma, muzee akafa na kansa kule Florida, na miaka 69. WrestleMania ya kwanza, tarehe 31/3/1985, hakuiona.

Basi, ulizo letu. Muzee alikuwa angali anatambua vedeti mpaka mwisho: Hogan alipita kwanza katika mikono yake, hata jina ni yeye alitoa. Kile kilimushinda ni kumuacha kijana awe mukubwa kwa njia yenye yeye hakuzoea. Mapatroni wengi, hata wa mupira na wa muziki, wangali wanaanguka pale pale.