Florence Nightingale: mwenye taa aliyeugua miaka mingi bila kuonekana mgonjwa

Kila mwaka tarehe 12 Mei wauguzi huadhimisha siku yao. Huwasha mishumaa na kurudia kiapo cha kazi. Tarehe hiyo ndiyo aliyozaliwa Florence Nightingale, mwaka 1820. Wengi tunamfahamu kama yule mwanamke wa Uingereza aliyezunguka wodini usiku na taa mkononi, akiwatazama askari majeruhi.

Wachache wanajua kwamba kazi hiyo ya wodini ilidumu chini ya miaka miwili. Baada ya hapo aliishi zaidi ya miaka 50, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliipitisha kitandani au kwenye kochi. Alikuwa na ugonjwa usio na kidonda, usio na uvimbe, ambao mgeni akimtazama hauoni. Na kama inavyowatokea wengi wenye maradhi ya aina hiyo, wapo waliosema anajisingizia.

Binti wa tajiri anayetaka kuuguza

Florence alizaliwa katika mji wa Florence nchini Italia, wazazi wake wakiwa safarini, na mji huo ndio uliompa jina. Familia yake ilikuwa na mali na nyumba mbili kubwa Uingereza. Baba alimfundisha mwenyewe hesabu, historia na lugha, jambo ambalo wasichana wengi wa wakati ule hawakulipata.

Alipowaambia wazazi kwamba anataka kuwa muuguzi, walikataa. Kuuguza hospitalini kulionekana ni kazi ya watu wa chini, na binti wa nyumba kama ile alitarajiwa kuolewa. Alivumilia miaka mingi. Mwaka 1851 alikwenda Kaiserswerth, Ujerumani, kujifunza uuguzi kwa miezi mitatu, na mwaka 1853 alipewa kusimamia hospitali ndogo ya wanawake mjini London.

Mwaka uliofuata Uingereza na Ufaransa ziliingia vitani upande wa Uturuki dhidi ya Urusi, katika rasi ya Crimea. Habari zilifika London kwamba majeruhi wanakufa bila huduma. Waziri Sidney Herbert, rafiki wa familia, alimwomba aongoze kundi la wauguzi. Novemba 1854 alifika na wauguzi 38 katika hospitali ya Scutari, eneo ambalo leo ni sehemu ya jiji la Istanbul.

Alikuta wagonjwa wamelala sakafuni, mifereji ya maji machafu imeziba chini ya jengo, chawa na panya kila mahali. Wengi waliokufa hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, kipindupindu na homa.

Homa ya Crimea

Mei 1855 alivuka bahari kwenda kukagua hospitali zilizokuwa karibu na uwanja wa vita. Siku chache baada ya kufika alishikwa na homa kali. Askari walimbeba kwa machela hadi hospitali ya mlimani, nywele zake zikakatwa, na kwa siku kadhaa ilidhaniwa atakufa. Madaktari waliita ugonjwa huo homa ya Crimea, kwa sababu askari wengi waliupata huko.

Homa ilishuka. Alishauriwa arudi Uingereza, akakataa, akarudi kazini akiwa amedhoofu. Baadaye mwaka huohuo maumivu makali ya kiuno na mguu yalimlaza tena. Alibaki hadi vita vilipokwisha, akarejea kwao Agosti 1856 bila kutangaza, kwa sababu hakutaka mapokezi.

Kwa macho ya watu, mambo yalikuwa yamekwisha: alikuwa ameugua, amepona, amerudi nyumbani. Lakini mwili wake ulikuwa na habari nyingine.

Agosti 1857

Mwaka mzima baada ya vita alifanya kazi usiku na mchana. Alitaka serikali ikubali kwamba maelfu ya askari walikufa kwa uchafu, na kwamba vifo hivyo vingeweza kuzuiwa. Alikusanya takwimu, akachora michoro iliyoonyesha kwa jicho moja jinsi magonjwa yalivyoua kuliko vita.

Agosti 1857 alianguka. Moyo ulikwenda mbio, pumzi ilikata, hakulala, na hata kuona chakula kulimtia kichefuchefu. Alidhani anakufa, akaandika maagizo ya mambo yatakayofanyika baada yake. Alikuwa na miaka 37.

Hakufa. Ila hakurudi kuwa yule wa zamani. Kuna siku alikuwa na nafuu na kuna siku hakuweza kuinuka. Mwishoni mwa mwaka 1861 hali ilikuwa mbaya zaidi: uti wa mgongo uliuma kiasi kwamba kwa miaka kadhaa ilibidi abebwe kutoka chumba kimoja hadi kingine. Pamoja na maumivu kulikuwa na majonzi mazito na hisia kwamba kazi yake yote imeshindwa.

Kuzitumia nguvu kama akiba

Katika hali hiyo ndipo alipofanya kazi kubwa kuliko ile ya taa. Mwaka 1858 alikamilisha ripoti nene kuhusu afya ya jeshi. Mwaka 1859 alitoa kitabu cha uuguzi kwa watu wa kawaida, akieleza umuhimu wa hewa safi, mwanga, usafi na utulivu kwa mgonjwa. Mwaka 1860 shule ya wauguzi yenye jina lake ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas' mjini London. Akiwa chumbani alichambua taarifa za afya kutoka India, nchi ambayo hakuwahi kuifika, na ripoti yake ikatoka mwaka 1863.

Aliwezaje? Alizitumia nguvu zake kama mtu mwenye debe moja la unga na mwezi mzima mbele yake. Hakwenda kwenye karamu wala mikutano. Mawaziri na wataalamu ndio waliomfuata nyumbani. Aliwapokea mmoja mmoja, kwa miadi, na siku akizidiwa mgeni alirudishwa mlangoni, hata kama alikuwa mtu mkubwa. Mara nyingine aliye ndani ya nyumba hiyohiyo aliwasiliana naye kwa vikaratasi, kwa sababu mazungumzo yalimchosha kuliko kuandika. Shangazi yake, Mai, aliacha nyumba yake mwenyewe kwa muda mrefu ili akae naye.

Waliomshuku

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Ikiwa anaweza kuandika kurasa mia, anashindwaje kushuka ngazi? Mbona hali yake huwa mbaya zaidi mama na dada yake wakija kumtembelea? Hata baada ya kufa kwake maswali hayo hayakuisha. Mwanahistoria mmoja, katika kitabu cha mwaka 1982, alimweleza kama mtu aliyeutumia ugonjwa kupata anachotaka. Wengine walisema ni matatizo ya akili tu.

Ni kweli kwamba ugonjwa ulimpa sababu ya kukataa mambo asiyoyapenda. Lakini mtu anaweza kuugua kweli na papo hapo akautumia muda wake wa kitandani anavyoona inafaa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyemwona saa moja ya nafuu hakuona siku mbili za kulipa gharama ya saa hiyo.

Rafiki ambaye naye aliugua

Kuna sehemu ya maisha yake isiyompamba. Sidney Herbert, waziri yule aliyemtuma vitani, alikuwa mshirika wake mkubwa katika mageuzi ya jeshi. Naye alikuwa akiugua figo, ugonjwa mwingine usioonekana kwa nje. Alipoanza kuishiwa nguvu, Florence alimsukuma aendelee, na alipomweleza kwamba hawezi tena, alimjibu kwa ukali. Herbert alifariki Agosti 1861, akiwa na miaka 50.

Florence alimlilia kwa muda mrefu, na ni miezi michache baadaye hali yake mwenyewe ilipozidi kuwa mbaya. Mtu aliyedai wengine waamini maumivu yake alishindwa kuyaona ya mwenzake. Kuumwa peke yake hakumfundishi mtu kumwamini mgonjwa mwingine.

Uzee na mwisho

Kuanzia miaka ya 1880 maumivu yalipungua, akawa mpole na mchangamfu zaidi, ingawa baadaye macho yalififia hadi akawa kipofu. Mwaka 1907 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa nishani ya heshima ya Order of Merit. Alifariki tarehe 13 Agosti 1910, akiwa na miaka 90. Kwenye kaburi lake, katika kijiji cha East Wellow, ziliandikwa herufi mbili tu za jina lake na tarehe zake.

Ni ugonjwa gani?

Mwaka 1995 mtafiti D.A.B. Young aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kwamba dalili za Florence zinafanana sana na ugonjwa wa brusela uliokuwa sugu. Florence hakuwahi kupimwa, kwa kuwa kipimo hakikuwapo. Daktari wa jeshi David Bruce alikigundua kijidudu chake mwaka 1887 katika kisiwa cha Malta, na mwaka 1905 Themistocles Zammit akagundua kwamba askari wa huko walikipata kwa maziwa ya mbuzi. Ndiyo maana ugonjwa huu huitwa pia homa ya Malta.

Wafugaji wanaujua kwa jina jingine: ugonjwa wa kutupa mimba. Uko kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo wetu Afrika Mashariki. Binadamu huupata kwa kunywa maziwa mabichi, au kwa kushika kwa mikono mitupu mimba iliyotoka au kondo la nyuma. Homa huja na kuondoka, jasho hutoka usiku, viungo na mgongo huuma, na uchovu hauishi. Mara nyingi hudhaniwa ni malaria au homa ya matumbo, mgonjwa akatibiwa kisichomsumbua, na miezi ikapita.

Leo kuna kipimo cha damu, na kuna tiba. Dawa hutumika zaidi ya aina moja kwa pamoja, kwa kawaida wiki sita au zaidi. Anayeziacha mapema kwa kuwa amepata nafuu yuko katika hatari ya kuugua tena. Kinga ni nyepesi: chemsha maziwa, vaa glavu unapomsaidia mnyama kuzaa. Ukiwa na homa isiyoisha, mwambie mhudumu wa afya kwamba unafuga au unakunywa maziwa mabichi. Taarifa hiyo ndogo inaweza kubadili kipimo utakachofanyiwa.

Si kila uchovu ni brusela. Selimundu, kisukari, sonona na maradhi mengine mengi humla mtu huku uso wake ukionekana wa kawaida. Tarehe 12 Mei imechaguliwa pia kuwa siku ya watu wenye uchovu sugu na maumivu ya mwili mzima, kwa sababu ya maisha ya Florence. Basi nyumbani kwako akiwepo anayelima leo na kesho hawezi kuinuka, usianze na neno uvivu. Anza kwa kumuuliza, kisha msindikize zahanati.