STANLEY: MTOTO ALIYEAZIMA JINA

Katika ukurasa huu tumezoea kusimulia maisha ya watu waliotutangulia, na safari hii nimechagua mtu ambaye jina lake tunalitaja kila siku bila kumfikiria mwenyewe. Ukiita Stanley kwenye shule ya Jumapili hapa Rugaaga, ataitika zaidi ya mmoja. Wazee wetu wa Kisangani bado wanasema walizaliwa Stanleyville. Ndugu waliokimbia Beni wakapitia Kasese wameuona mlima Stanley kwa macho yao, siku mawingu yalipofunguka. Na wale waliopata nafasi ya kwenda kuishi Kanada wanatuambia kwamba huko kuna Kombe la Stanley, la mchezo wa kukimbizana juu ya barafu kwa fimbo.

Tuanze kwa kuwatenganisha, maana si Stanley mmoja. Kombe la Kanada lilitolewa mwaka 1892 na Bwana Stanley aliyekuwa gavana mkuu wa nchi ile. Baba yake, naye akiitwa Bwana Stanley, alikuwa waziri wa makoloni wa Uingereza miaka ya 1840, na ndiyo sababu mji mkuu wa visiwa vya Falkland unaitwa Stanley, na sehemu moja ya Hong Kong vilevile. Hao walikuwa watu wa ukoo mkubwa wenye mashamba na majumba. Jina lenyewe ni la Kiingereza cha kale, na maana yake ni uwanja wa mawe, yaani mahali palipofyekwa penye mawe mengi. Nawaomba mlikumbuke hilo jiwe, tutakutana nalo mbele.

Stanley wetu, yule wa Kongo na wa mlima, hakuzaliwa na jina hilo. Alizaliwa tarehe 28 Januari 1841 katika mji mdogo wa Denbigh, nchi ya Wales. Mama yake, Elizabeth Parry, alikuwa msichana asiye na mume, na mtoto akaandikwa kanisani kwa jina la John Rowlands, pamoja na neno la kumtambulisha kuwa mtoto wa nje ya ndoa. Neno lile lilikaa kwenye kitabu cha ubatizo, na mtoto akalibeba. Mama alimwacha akaenda kutafuta kazi. Babu yake mzaa mama akamlea, lakini babu alikufa ghafla mtoto akiwa na miaka 5. Wajomba wakamweka kwa jirani na kulipa kidogo kila juma, kisha wakachoka kulipa.

Siku moja mwezi Februari 1847 kijana wa nyumba ile alimbeba mtoto mabegani, akamwambia wanakwenda kwa ndugu wa mama yake. Walikwenda mpaka kwenye jengo kubwa la mawe huko St Asaph. Mlango ukafunguliwa, mtoto akaingizwa ndani, na yule kijana akarudi peke yake. Hapo palikuwa nyumba ya maskini, mahali ambapo serikali ya Uingereza ya wakati ule iliwaweka wazee, wagonjwa, na watoto wasio na mtu. Alikaa humo miaka 9. Alipokuwa mkubwa kidogo, mama yake naye aliingizwa humo na watoto wengine wawili kwa sababu ya umaskini, na ilibidi mtu amwonyeshe kijana kwamba yule ndiye mama yake. Mama alimtazama asiseme kitu.

Nimekaa kidogo hapa kwa sababu tunao watoto waliofika Nakivale bila mtu, wakiwa wameshika mkono wa jirani. Wengine majina yao yaliandikwa kwa kubahatisha, kama mtoto mwenyewe alivyoweza kutamka kwa hofu. Naamini wataelewa maisha ya John Rowlands haraka kuliko maprofesa.

Katika nyumba ile alijifunza kusoma vizuri, na askofu alimpa Biblia kama zawadi ya bidii yake. Alitoka akiwa na miaka 15, akahangaika kwa ndugu bila kupata makao. Mwishoni mwa 1858 akapanda meli Liverpool kama mtumishi, na mwanzoni mwa 1859 akatoroka melini katika bandari ya New Orleans, Marekani. Huko palikuwa na mfanyabiashara wa pamba aliyeitwa Henry Hope Stanley. Kijana akachukua jina hilo. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba mfanyabiashara yule alimchukua kuwa mwanawe, akambariki kwa maji na kumpa jina lake, kisha akafariki. Watafiti wamekuta kwamba mfanyabiashara huyo aliishi mpaka 1878, na wengi wao wanaona kwamba habari ya kufanywa mwana ilitungwa, au iliongezwa chumvi nyingi. Kama ndivyo, basi alitunga kitu ambacho alikihitaji kuliko chakula.

Vita vya Marekani vikaanza. Alipigana upande wa Kusini, akatekwa huko Shiloh mwaka 1862, akafungwa karibu na Chicago, akakubali kuhamia jeshi la Kaskazini, akaugua, akaachiwa. Mwaka huohuo alirudi Wales, mgonjwa na nguo zimechakaa, akabisha hodi kwa mama yake. Mama alimlaza usiku mmoja, asubuhi akamwambia aende zake na asirudi mpaka awe katika hali nzuri zaidi. Basi kijana akarudi Marekani na kuanza kuwaambia watu kwamba yeye ni Mmarekani wa kuzaliwa. Alishikilia uongo huo kwa miaka mingi, hata magazeti yalipofichua habari zake.

Safari yake ya kwanza mnaijua kutoka shuleni. Akiwa mwandishi wa gazeti la New York Herald, alitoka pwani mwaka 1871 kumtafuta mmisionari David Livingstone, akamkuta Ujiji, kando ya Tanganyika, mwezi Novemba. Ile salamu maarufu ambayo kila mtoto wa shule anaifahamu hatuna uhakika nayo, kwa sababu ukurasa wa daftari lake wa siku ile umeng'olewa. Lenye uhakika ni kwamba alikaa na mzee yule kwa miezi kadhaa na kumpenda kama baba.

Katika safari hiyo, Unyanyembe, alipewa mtoto mtumwa aliyeitwa Ndugu Mhali. Stanley mwenyewe alieleza maana yake kuwa mali ya ndugu yangu. Jina hilo hakulipenda, akambadilisha kuwa Kalulu. Mtu aliyeachiwa jina la aibu na kuazima jingine, sasa anampa jina mtoto wa mwingine! Kalulu alipelekwa Uingereza na Marekani, alivishwa suti, alihudhuria mazishi ya Livingstone mwaka 1874. Alirudi Afrika na Stanley, na mwezi Machi 1877 mtumbwi wake ulichukuliwa na maporomoko ya mto Kongo. Stanley akayaita maporomoko yale kwa jina la Kalulu.

Hiyo ndiyo ilikuwa safari kubwa, iliyoondoka Bagamoyo Novemba 1874 ikiwa na watu zaidi ya 350. Wengi wao walikuwa waungwana na wapagazi wa Unguja na Bara, na lugha yao ya njiani ilikuwa Kiswahili hikihiki. Wazungu watatu aliotoka nao wote walikufa. Waliofika Boma, karibu na bahari ya magharibi, Agosti 1877, walikuwa takriban theluthi moja ya walioanza; wengine walikufa na wengine walitoroka. Vitabu vinamtaja Stanley kwamba alivuka Afrika. Mizigo, na mashua ya Lady Alice iliyokatwa vipandevipande, ilivuka juu ya vichwa vya watu hao.

Kwa kanisa la Uganda safari hiyo ina jambo kubwa. Aprili 1875 Stanley alifika kwa Kabaka Mutesa, wakazungumza mengi juu ya imani. Akaandika barua kuwaomba Wakristo wa Uingereza walete walimu Buganda. Barua ilichukuliwa na Mfaransa mmoja, Linant de Bellefonds, ambaye aliuawa baadaye njiani, lakini barua ikapona. Ilichapishwa London mwezi Novemba, na Juni 1877 wamisionari wa kwanza wa CMS wakafika. Hayo husemwa sana. Lisilosemwa sana ni kwamba Stanley alimwacha kwa Kabaka kijana mmoja, Dallington Maftaa, aliyekuwa mtumwa kabla ya kukombolewa na kusomeshwa na wamisionari Unguja. Huyo ndiye aliyebaki ikulu akimsomea Mutesa Maandiko na kumtafsiria sehemu zake kwa Kiswahili, miaka miwili kabla mmisionari yeyote wa CMS hajakanyaga hapo. Jina la Dallington halikuwekwa juu ya mlima wala mji.

Lakini mwaka uleule wa barua ndio mwaka wa Bumbire. Watu wa kisiwa hicho, upande wa Buhaya, walimnyang'anya makasia na kumtishia alipotua kutafuta chakula. Akaponyoka. Miezi michache baadaye akarudi na bunduki na mitumbwi mingi, akawapiga risasi watu waliosimama ufukweni na mikuki. Wako wanahistoria wanaosema alizidisha hesabu ya waliouawa ili kuwafurahisha wasomaji wa gazeti. Mimi naona kwamba hata kama alizidisha, mtu anayejisifia maiti ana ugonjwa moyoni.

Kisha ikaja kazi ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Kuanzia 1879 mpaka 1884 Stanley alimfungulia njia katika Kongo ya chini, akipasua miamba ili mikokoteni ipite kando ya maporomoko. Watu wa huko wakamwita Bula Matari, mvunja mawe. Hilo ndilo jiwe nililotaja: aliazima jina la uwanja wa mawe, na Wakongo, bila kujua Kiingereza cha kale, wakampa la mvunja mawe. Mwaka 1881 alianzisha kituo cha Leopoldville, ambacho ndicho Kinshasa. Yeye na wasaidizi wake walikusanya mikataba mingi na machifu, walioweka alama juu ya karatasi za lugha wasiyoijua. Mwaka 1885 karatasi hizo zikawa nchi ya mtu mmoja, Leopold. Yaliyofuata, mpira, viboko na mikono iliyokatwa, babu zetu waliyapitia. Stanley hakuwa mtawala wakati huo, lakini hakujitokeza kumpinga mfalme wake. Na jina lake likaacha kuwa la mtu mmoja: Bula Matari likawa jina la serikali yenyewe, askari na kodi na kazi ya nguvu.

Hata huku kwetu alipita. Katika safari yake ya mwisho, ya kumwokoa Emin Pasha, ambayo mamia ya watu wake walikufa kwa njaa na magonjwa kwenye msitu wa Ituri na kando yake, aliona Rwenzori yenye theluji mwaka 1888. Julai 1889 msafara ulikata Ankole ukielekea Kagera na Karagwe. Mfalme Ntare hakuja kumwona, lakini mwana wa jamaa ya mfalme, Buchunku, alifanya naye udugu wa damu. Kwa watu wa Ankole ule ulikuwa udugu. Kwa Waingereza uligeuka kuwa hati.

Majina nayo yalivuliwa. Stanleyville ikawa Kisangani rasmi mwaka 1966. Maporomoko ya Stanley yakawa Boyoma. Ziwa la Stanley, pale Kinshasa, likawa Malebo. Sanamu yake juu ya kilima kule Kinshasa iliteremshwa wakati wa Mobutu. Lakini wazee wanakumbuka kwamba mkono uleule uligusa na watu: mwaka 1972 majina ya ubatizo yalikatazwa katika Zaire, na padri aliyembatiza mtoto kwa jina la kizungu alitishiwa kifungo. Joseph akawa mtu wa kujificha. Wengine wetu tuliitwa kwa jina moja nyumbani na jingine shuleni, na hata sasa karatasi zetu hazikubaliani. Mlima wa Rwenzori wenye kilele cha mita 5,109 umebaki na majina mawili: upande wa Uganda ni Stanley, upande wa Kongo uliitwa Ngaliema, chifu aliyefanya naye udugu kwenye mto.

Stanley alioa mwaka 1890, akaingia bungeni, akapewa heshima ya Sir mwaka 1899. Hawakupata mtoto. Wakachukua mtoto mdogo kutoka Wales, wakamwita Denzil, na watu waliomwona wanasema alimchezea mtoto yule kwa furaha ambayo hakuwahi kuonyesha kwa mtu mzima.

Alifariki London tarehe 10 Mei 1904. Alitaka kulazwa Westminster Abbey karibu na Livingstone, lakini mkuu wa kanisa hilo alikataa. Akazikwa katika kijiji cha Pirbright. Mke wake alitafuta jiwe kubwa lisilochongwa na kulisimamisha juu ya kaburi. Juu yake yameandikwa jina la Henry Morton Stanley, na Bula Matari, na miaka yake, na neno Afrika. Jina la John Rowlands halimo.