Frank Hornby, papa aliyewatengenezea watoto wake michezo ya chuma

Noeli imekaribia, na bonane iko nyuma yake. Huku kwetu Masisi na Walikale, huu ndio wakati papa wengi wanashuka kutoka karieri kurudi nyumbani. Watoto wanawangoja njiani. Wengine wanafika na nguo mpya na mfuko wa mchele. Wengine, bei ya jiwe ilianguka, ao shimo liliingia maji, wanafika mikono mitupu na wanaona haya kupita mlango. Leo tunasimulia maisha ya mtu mmoja wa Uingereza aliyekufa kitambo, juu yanamgusa papa wa namna hiyo, na yanagusa hata jiwe tunalolichimba.

Mtu huyo ni Frank Hornby. Katika nyumba nyingi za Ulaya, mwezi huu wa 12, chini ya mti wa Noeli kunawekwa treni ndogo ya kuchezea, inazunguka juu ya reli yake. Jina la Hornby lingali limeandikwa kwenye treni nyingi za namna hiyo mpaka leo.

Alizaliwa tarehe 15 Mei 1863 Liverpool, mji wa bandari. Baba yake alikuwa anauza vyakula. Frank aliacha masomo akiwa na miaka 16, akaanza kushika makuta katika biashara ya baba. Mwaka wa 1887 alimuoa Clara Godefroy, mwalimu wa shule. Mwaka wa 1899 baba yake alikufa, na ile biashara ikafungwa. Frank alikuwa amekwisha kuwa na bibi na watoto. Akatafuta kazi, akapata ya kuandika hesabu kwa David Elliott, mfanyabiashara aliyekuwa anaingiza nyama kutoka ng'ambo. Ilikuwa mshahara wa karani tu.

Watoto wake wanaume, Roland na Douglas, walipenda sana mashini. Kule Liverpool waliona kila siku mikono mirefu ya chuma inayopandisha mizigo bandarini, na wao pia walitaka ya kwao. Papa hakuwa na atelie wala fundi wa kumlipa. Akachukua chuma chembamba, akakikata vipande kwa mkono wake nyumbani, akavitoboa, akavifunga kwa buloni na ekru. Taabu ilikuwa hii: kila kitu kipya kilimuomba kukata vipande vipya. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kama mawazo yalimjia ndani ya treni, siku moja mbele ya Noeli, akienda kutembelea jamaa. Kama vipande vyote vina matundu ya kipimo kimoja, na yameachana sawasawa, kipande kimoja kinaweza kuingia mahali popote. Leo unajenga daraja, kesho unalibomoa, unajenga gari.

Jambo kama hilo watu wengi wangalilisahau wakifika nyumbani. Hornby alilipeleka kwenye serikali ili liandikwe kwa jina lake. Pesa za kulipa hakuwa nazo, akakopa pauni 5 kwa mkubwa wake, Elliott. Mwezi wa kwanza wa 1901 akapata karatasi. Elliott akaingia naye katika kazi, akampa nafasi pembeni ya biro, wakaanza kuuza. Mwanzoni wanunuzi hawakuwa wengi. Mwaka wa 1907 Hornby aliandikisha jina jipya, Meccano, na mwaka uliofuata akaanzisha kampuni. Elliott hakuendelea, Hornby akabaki peke yake. Mwaka wa 1914 usine yake kubwa ilifunguliwa kwenye barabara ya Binns Road, Liverpool.

Kumbe treni zenyewe zilikuja nyuma. Kabla ya vita ya 1914, treni za kuchezea zilitoka sana sana Ujerumani. Vita ilifunga njia ile. Mwaka wa 1920 Hornby akatoa treni yake ya kwanza, nayo ilifungwa kwa buloni, mtoto angeweza kuifungua na kuifunga tena. Ilitembea kwa resori: unaingiza ufunguo, unakaza, unaachilia. Mwaka wa 1925 akatoa ya umeme.

Sasa tusikilizane vizuri, maana hapa ndipo jiwe letu linaingia. Treni za wakati ule zilikatwa katika bati. Bati la namna hiyo ni chuma chembamba kilichopakwa etani juu yake. Etani inakizuia chuma kisishikwe na kutu. Na etani inatoka wapi? Inatoka katika kasiterite, lile jiwe zito, la rangi ya kahawia ao nyeusi, ambalo wachimbaji wa Bisie walilibeba mgongoni, mifuko ya kilo 50, wakipita msitu mpaka Njingala. Huku kwetu halijapita hata behewa moja la treni. Jiwe lilitoka kwa miguu, kwa pikipiki, na kwa ndege ndogo zilizotua barabarani Kilambo. Lakini pasipo jiwe la namna hiyo, treni ya Hornby isingepata ngozi yake.

Liverpool haikuchimba etani. Ilikuwa na bandari, na mtu aliyejua kukata, kutoboa, kisha kuandikisha jina lake. Usine ya Binns Road ililisha jamaa nyingi, na wanawake wengi walikuwa kati ya wafanyakazi wake. Hornby akawa tajiri, na tangu 1931 mpaka 1935 akawa mbunge. Mwaka wa 1934 kampuni yake ikaanza kuuza magari madogo yaliyoitwa Dinky Toys. Alikufa tarehe 21 Septemba 1936, na miaka 73. Usine yake iliendelea, ikafungwa 1979.

Kule Ulaya, kutayarisha treni kwa Noeli ni kazi ya papa na watoto pamoja. Wanatoa sanduku juu ya kabati, wanapanguza mavumbi kwenye reli, maana uchafu kidogo tu unaangusha treni. Wanatia tone moja la mafuta kwenye magurudumu, si zaidi, maana mafuta mengi yanaita mavumbi tena. Reli iliyopindika wanainyoosha polepole. Wanajaribu resori kwanza bila mabehewa, kisha wanafunga moja moja. Saa nyingi zinapita hivyo, na mara nyingi hayo matayarisho ndiyo mtoto anayakumbuka akiwa mzee.

Sisi pia tuna bati letu. Mkebe wa sardini na mkebe wa maziwa ni chuma kile kile, na mara nyingi umepakwa etani ile ile. Watoto wetu wanajua tayari kutengeneza magari ya mikebe na waya, na chukudu ndogo za miti. Treni si kazi kubwa kuliko hiyo. Mikebe mitano ya sardini inakuwa mabehewa. Ule mrefu wa tomati, ukilazwa, unakuwa mashini ya mbele. Magurudumu unakata katika sapatu iliyochakaa, ao unachukua vifuniko vya chupa. Waya unapitisha chini, unakunja ncha zake. Kazi ya papa ni moja ambayo mtoto asiachiwe: midomo ya bati inakata vibaya, ukunje kila ukingo kwa pensi na kuupigapiga mpaka kidole kipite bila kuumia.

Hornby naye alianza hivyo, karani asiye na pesa, anakata chuma usiku kwa ajili ya watoto wawili. Kwa hiyo, papa unayeshuka karieri mwaka huu na mfuko mwepesi, usilale njiani kwa kuona haya. Okota mikebe, omba pensi kwa jirani, uingie nyumbani. Na wewe mama, kama mtoto wako ametengeneza kitu ambacho mwingine kijijini hajakifanya, usikitupe pamoja na takataka siku ya kufagia. Andika jina lake chini ya mkebe, na mwaka. Jiwe letu limetoka huku bila jina la mtu tangu zamani. Kazi ya mikono ya mtoto isiende vile vile.