Mfahamu Arnold Theiler, daktari wa mkono mmoja aliyekichunguza kimelea cha ndigana kali

Kama kwenu mnafuga, ndigana kali huhitaji kuelezwa. Ng'ombe anapata homa, mitoki inavimba, anapumua kwa shida, na wiki chache tu zizi limepungua. Kimelea kinachofanya yote hayo kinaitwa Theileria. Jina hilo ni la mtu.

Arnold Theiler alizaliwa Uswisi mwaka 1867. Mwaka 1891, akiwa daktari wa mifugo kijana, alihamia Transvaal, Afrika Kusini, kutafuta maisha. Wateja hawakuja. Ikabidi aajiriwe shambani, na huko mashine ya kukatia majani ya mifugo ikamkata mkono wa kushoto.

Wengi wangefunga mizigo. Jamaa akabaki. Mwaka 1893 ndui ilipoingia Johannesburg, alitengeneza chanjo. Mwaka 1896 ikafika sotoka, ile ile iliyomaliza ng'ombe wa Wamaasai miaka michache kabla, na serikali ya Transvaal ikampa kazi.

Sasa hapa ndipo sisi tunaingia. Baada ya sotoka na Vita vya Makaburu, mazizi ya kusini yalikuwa matupu. Walowezi wakaagiza ng'ombe kutoka pwani ya Afrika Mashariki, wakashushwa bandari ya Beira. Ng'ombe hao walikuwa wameuzoea ugonjwa. Wa kule hawakuwahi kuuona, wakaanza kufa ovyo, kwanza Rhodesia (Zimbabwe ya leo), kisha Transvaal. Wazungu wakauita homa ya Pwani ya Mashariki. Pwani yenyewe ndiyo hii yetu!

Mwanzo ilidhaniwa ni ule ugonjwa wa kukojoa damu, ambao tayari ulikuwa unajulikana. Theiler akiwa kwenye hadubini aliona vimelea vidogo zaidi, na mwaka 1904 akavitangaza kuwa ni vya aina nyingine kabisa. Hata Robert Koch, bingwa wa Ujerumani aliyeitwa kuokoa jahazi, njia yake ya kudunga ng'ombe damu ilikwama. Ilipojulikana kuwa kupe ndio wasambazaji, kazi ikahamia kwenye majosho na kuzuia ng'ombe kuhamishwa hovyo.

Mwaka 1908 Theiler alifungua maabara ya Onderstepoort, nje ya Pretoria, ambayo ipo hadi leo.

Alifariki Uswisi mwaka 1936. Mwanaye Max, mzaliwa wa Pretoria, alishinda Tuzo ya Nobel mwaka 1951 kwa kazi yake ya chanjo ya homa ya manjano. Mzee hakuiona.