Papa Julius II: Mzee Aliyeketi Kitini

Mzee ameketi kitini, macho ameyainamisha, midomo ameifumba. Mkono wa kulia umeshika leso. Wa kushoto umeng'ang'ania kiti. Ndivyo Raffaello alivyomchora Papa Julius II kati ya mwaka 1511 na 1512, na picha hiyo leo imo katika Jumba la Taifa la Sanaa, London. Wengi wetu tulipokuwa seminarini tulimfahamu kwa neno moja tu: Papa wa vita. Pichani tunamwona mtu aliyechoka.

Giuliano della Rovere alizaliwa mwaka 1443 huko Albisola, karibu na Savona, katika familia isiyo na mali. Ndugu wa baba yake, Mfransisko, alipochaguliwa kuwa Papa Sixtus IV mwaka 1471, alimfanya kardinali mwaka uleule, kijana wa miaka 28. Huo ulikuwa upendeleo wa kindugu, wala hatuoni sababu ya kuuita jina jingine. Akiwa kardinali alipata binti, Felice. Mwaka 1503 naye akachaguliwa Papa, katika uchaguzi wa saa chache ambao ahadi na zawadi zilikuwa na sehemu yake. Cha ajabu, mwaka 1505 yeye mwenyewe alitoa hati ya kubatilisha uchaguzi wowote wa Papa utakaonunuliwa.

Tarehe 18 Aprili 1506 aliweka jiwe la msingi la Basilika mpya ya Mtakatifu Petro. Ndiye aliyewaita walinzi wa Uswisi, na ndiye aliyemlazimisha Michelangelo, aliyejiona mchongaji na si mchoraji, kupamba dari la Kikanisa cha Sisto. Lakini Januari 1511, akiwa na miaka 67 na afya mbovu, alikwenda vitani Mirandola katikati ya theluji, akaingia mjini kwa ngazi kupitia ukuta uliobomolewa. Mwezi Mei akaupoteza mji wa Bologna. Kwa majonzi akafuga ndevu, jambo lisilo la kawaida kwa Papa wa nyakati zile, nazo ndizo tunazoziona pichani.

Enzi yake iligusa pwani yetu pia. Julai 1505 merikebu za Francisco de Almeida ziliivamia Kilwa. Wafransisko wakashuka na msalaba huku askari wakipora nyumba. Mwezi uliofuata Mombasa ikateketezwa. Januari 1506 Julius akathibitisha kwa hati ya kipapa Mkataba wa Tordesillas wa mwaka 1494, ambao Ureno na Hispania ziligawana dunia kwa mstari mmoja baharini. Papa hakuamuru Kilwa iporwe, na si haki kumbebesha hilo. Hata hivyo muhuri wake uliwapa wenye merikebu utulivu wa dhamiri ambao hawakustahili kuupata kwa urahisi hivyo. Hapa Basotu, ambako wazee wa Kibarbaig wanayakumbuka malisho yaliyogeuzwa mashamba makubwa ya ngano, habari ya mstari unaochorwa na watu wa mbali haihitaji mfasiri.

Mwaka 1512 Wareno waliiacha ngome yao ya Kilwa. Mwaka huohuo, mwezi Machi, Julius alinyoa ndevu, na mwezi Mei akaufungua Mtaguso wa Tano wa Laterano. Alifariki Februari 1513. Picha yake iliwekwa katika Kanisa la Santa Maria del Popolo, na Warumi wakafika kwa makundi kuitazama. Inasimuliwa kwamba wengine walitetemeka mbele yake kana kwamba yu hai.

Baadaye picha ya London ilidhaniwa kuwa nakala tu, hadi ilipopigwa eksirei na matokeo kutangazwa mwaka 1970. Nyuma ya pazia la kijani zilionekana alama za funguo za Petro na taji la kipapa. Raffaello alikuwa amekwisha kuzichora, kisha akazifunika kwa rangi, akamwacha mzee peke yake na kiti chake.