Reginald Ernest Moreau

Reginald Ernest Moreau (Kingston upon Thames, Uingereza, 29 Mei 1897 – 30 Mei 1970) alikuwa mtaalamu wa ndege anayekumbukwa hasa kwa utafiti wake katika milima ya Usambara, Tanzania.

Hakusoma chuo kikuu. Alifanya kazi katika ofisi ya ukaguzi wa hesabu za jeshi, na mwaka 1920 alihamia Misri kwa sababu ya ugonjwa wa baridi yabisi. Huko alianza kuchunguza ndege, akamwoa Winifred Bird. Kuanzia 1928 hadi 1946 alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, Tanganyika.

Huko Amani aliwaajiri wenyeji kuangalia viota kwa saa nyingi na kuandika kila chakula kilicholetwa. Hivyo walifuatilia hondohondo, ambaye jike lake hujifungia ndani ya tundu la mti na kulishwa na dume. Mwaka 1944 Moreau alionyesha kwamba ndege wa Afrika ya kitropiki kwa kawaida hutaga mayai machache kuliko ndege wa Ulaya.

Ndege adimu Artisornis moreaui, aliyepatikana Amani, alipewa jina lake mwaka 1931. Mwaka 1938 Moreau mwenyewe alimpa ndege wa Uluguru, Scepomycter winifredae, jina la mke wake. Wote wawili hutegemea misitu ya milimani, hivyo ukataji wa miti unahatarisha maisha yao.

Kitabu chake cha mwisho, kuhusu ndege wanaohama kati ya Ulaya, Asia na Afrika, kilitolewa mwaka 1972.